Ndama Aliyeshiba Kabla ya Ruhusa

Nimeolewa kwa wafugaji hapa Kakese, lakini mimi ni mtu wa mpunga; ng'ombe nilimjua kwenye sufuria. Juzi ndama wetu aliharisha mpaka macho yakazama. Baba mkwe, aliyechunga ng'ombe wa mzungu enzi za ukoloni, akaagiza nimnyweshe maji ya vuguvugu yenye chumvi, maziwa asiguse kabisa.

Nikamnywesha kwa chupa ya soda. Jioni, mnyama aliyelala kama gunia akasimama. Kwa maji na chumvi tu!

Ila alipolia na mama yake akaitika, huruma ilinishinda. Nikawa namfungulia kisirisiri anyonye.

Leo asubuhi, ndama akiwa ndiyo kwanza ametoka kunyonya, mzee kawaita majirani. Walipomwona ndama anatembea, wakashika videvu.

"Huyu hajaonja ziwa tangu augue," mzee akasema. "Mama Kulwa, mfungulie sasa. Mtaona njaa."

Nikamfungulia, nikapiga magoti pembeni kwa adabu. Ndama akamnusa mama yake, akampita, akaja kunilalia mapajani.

Mzee akalitazama povu la maziwa mdomoni mwa ndama, kisha akanitazama mimi.