Mume wangu amevunja vikasha vya sarafu zangu

Jamani, leo nimelizwa na zawadi.

Baba aliniachia sarafu za zamani za Zambia. Nilizituma nje zikapimwa ubora, zikarudi kila moja imefungwa kwenye kikasha chake cha plastiki. Ukikifungua tu, daraja ililopewa halina maana tena.

Nimetoka sokoni, namkuta mume wangu sebuleni anatabasamu. Kavunja vikasha vyote, kazibandika sarafu kwenye fremu moja. Kwa gundi!

"Mama Neema, zilikuwa zimejificha kabatini. Sasa kila mgeni atamjua baba yako."

Nikaingia jikoni, nikafunga mlango.

Bado nipo humu. Jirani kaja, namsikia mume wangu anamsimulia habari za baba, sarafu moja baada ya nyingine. Sauti yake imejaa fahari.

Hasira haijaniisha. Ingekuwa wewe, ungemwambia alichoharibu?