Mwaka Alioanza Kusahau

Baba alikuwa muuza mafuta na mpokezi wa hadithi za Mtume. Alipofariki, mwanafunzi wake alinijia na karatasi.

"Dada, mzee alianza kuchanganyikiwa lini? Aliyoyasimulia baada ya hapo hatuyapokei."

Nitajuaje mimi? Mitungi ya mafuta alikuwa akisahau kuifunika tangu ujanani! Lakini hadithi hakudondosha hata herufi, hata siku aliponiita kwa jina la marehemu mama. Akanibana weee, mpaka nikasema, "Haya, mwaka wa mafuriko."

Akaandika, akaaga.

Nikabaki mlangoni. Miaka tisa baba alininunia kwa kuolewa na nimtakaye. Radhi zake alinipa baada ya mafuriko. Sasa nizipokee, nisizipokee?