Kinuni, Kijiji Kisichokuwa na Chifu

Juzi nilitoka Chilinde, ninakoshonea nguo, nikaenda Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, kumzika bibi yangu. Mchungaji alipofika kwenye historia ya marehemu, akasema alizaliwa katika kijiji kikubwa cha bondeni, kule Fizi tulikokimbia vita. Nikamnong'oneza kwamba alizaliwa Kinuni, mlimani. Akanijibu mbele ya watu wote, "Ile haikukuwaka kijiji, mama. Ilikuwa mashamba tu. Chefu wenu alikuwa nani?" Rafiki yangu, damu ilinichemka.

Ni kweli, chifu hatukuwa naye. Tulikuwa na nyumba chache, migomba, michikichi, na kijito tulimoroweka muhogo mpaka harufu yake ikashika nguo zetu. Jioni ilikuwa sombe, yaani kisamvu, yenye mafuta ya mawese, na sisi watoto tukilamba vidole hadi mama atukemee. Kama hayo yalikuwa mashamba tu, basi mimi nililelewa na mihogo.

Na kesi zetu tulizimaliza wenyewe. Waliogombana walipewa kinu kimoja na michi miwili, watwange muhogo mkavu wakitazamana. Michi ikigongana, tulijua bado wana kinyongo. Ikipokezana vizuri, kesi imekwisha, na unga ule ulisongwa bugali tukala wote. Mara moja mama na jirani yetu waligombania shimo la kuroweka muhogo pale kijitoni, wakatwanga tangu asubuhi mpaka jua likaanza kushuka, wamenuna. Bibi akawa anawaongezea muhogo tu. Mwishowe jirani akashindwa kuendelea kununa, akacheka, na mama naye akacheka. "Benye kutwanga pamoja habanyimane bugali," bibi akasema, kama alivyosema kila mara.

Kisha vita ikapanda mlima. Nyumba zote zilichomwa, vinu vikageuzwa kuni, na sisi tukatawanyika. Wengine tukafika Malawi, wengine hatukuwaona tena. Nasikia leo pale ni majani matupu.

Kilichoniuma zaidi ni wajukuu waliozaliwa Dzaleka. Walisimama kaburini wakimwamini mchungaji, maana yeye ndiye mwenye kipaza sauti. Wangerudi nyumbani wakijua bibi yao hakutoka popote. Nikashindwa kunyamaza.

"Pasta," nikasema, na sikunong'ona tena, "benye bunduki balipanda mulima mupaka kwetu, bakaunguza nyumba moja moja. Habakuuliza chefu wetu ni nani."