Pigo Alilojihesabia Dana

Kama hakuna aliyeona, kwa nini mtu aseme? Nilipanda milima ya Uluguru na swali hilo.

Niliondoka Kisarawe kwa sababu kukaa nyumbani na shahada isiyo na kazi kulinichosha. Rafiki yangu wa Morogoro alipiga simu: kuna Mmarekani, mcheza gofu wa kulipwa, anatafuta mkalimani wa siku mbili milimani. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza.

Jumatano saa mbili asubuhi treni ilinishusha Morogoro. Dana alikuwa ameshafika kituoni, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, shingo imebabuka kwa jua. Tukiwa njiani kupanda Morningside, mlimani juu ya mji, alinisimulia habari zake. Alikuwa amecheza miaka tisa. Mwaka uliopita, kwenye shimo la mwisho la mashindano ya kuamua nani abaki na leseni ya kucheza kwa kulipwa, fimbo yake iligusa majani na mpira ukasogea upana wa kidole. Akajihesabia pigo la adhabu, kama kanuni za gofu zinavyomtaka mchezaji mwenyewe afanye. Pigo hilo moja likamnyima leseni. Sasa mwisho wa kujiandikisha kwa mchujo wa kurudi ulikuwa Ijumaa, na hakujua kama ajaribu tena au aachane na gofu.

“Mwamuzi aliona?”

“Hapana.”

“Kamera?”

“Hazikuwepo.”

“Basi ulitafuta sifa tu,” nilimwambia.

Alipanda kama anayekimbizwa.

Alasiri tulifika kwa Mama Koleta, mkulima wa karoti na stroberi, ambaye tungelala kwake. Nikampa shikamoo.

“Marahaba. Mtoto wa wapi wewe?”

“Kisarawe, mama. Mzaramo.”

“Mtani wangu! Afadhali umekuja na mgeni. Mzaramo akiona jembe hukumbuka ana harusi mahali.”

Akatukabidhi maharage tumenye. Nikamtafsiria kisa cha Dana. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatuonyesha mstari wa masale, mimea ya mpaka, ukingoni mwa shamba.

“Masika yaliyopita udongo uliporomoka, masale yakashuka hatua mbili ndani ya shamba la binamu yangu. Nikamwita aje aone, tuyarudishe.”

“Akashukuru?” niliuliza.

“Akanitukana! Eti niliyahamisha mwenyewe, halafu nikaogopa. Mpaka leo kanisani hanisalimii.”

Nilipotafsiri, Dana alicheka hadi maharage yakamwagika. “Mwulize, yakishuka tena?”

“Nitamwita tena. Naye atanitukana tena, huyo namjua.”

“Sasa faida yake nini, mama?”

Alinitazama kama niliyeuliza faida ya kunawa mikono. “Mtani, menya maharage.”

Alhamisi tuliteremka. Dana alitangulia, akateleza mara mbili, hakupunguza mwendo. Mjini, viatu vikiwa bado na tope, alikaa kwenye ngazi za hoteli akajaza fomu ya mchujo kwenye simu. Kidole kikasimama hewani.

“Usiniulize kwa nini.”

“Kwa nini?”

“Sijui,” alisema, akabonyeza.

Ijumaa nilirudi Kisarawe. Nilikuwa nimejifunza kwamba mtu anaweza kusema kweli, akaambulia matusi, na bado akasema tena. Somo hilo halikunituliza; wiki ile sikuweza kukaa mahali pamoja.

Miaka miwili ikapita ndipo rafiki yangu wa Morogoro aliponipa matokeo ya mchujo ule: Dana aliikosa leseni kwa pigo moja, na safari hiyo hapakuwa na adhabu; mpira haukuwa umesogea.