Ndege Nyeupe ya Pili

Nilitaka ndege nyekundu. Naliweka hilo wazi mapema, mtu asije akadhani ile nyeupe ya pili niliinunua kwa mapenzi.

Nimefanya kazi ya umeme mgodini Geita miaka mingi, zamu za mchana na zamu za usiku. Mkataba ulipoisha nikarudi nyumbani kwangu Ngokolo na mgongo mbovu, masikio yanayovuma na uchovu ambao haukuniacha hata nikilala kutwa nzima. Mke wangu alinivumilia mwezi wa kwanza. Wa pili akaniambia nitafute cha kufanya, maana mwanaume kushinda sebuleni anatazama dari ni uchuro. Cha kufanya nilikuwa nacho, juu ya kabati: ndege ya kuendesha kwa rimoti, ya kujifunzia, nyeupe, imetengenezwa kwa kile kitu chepesi kinachokuja kwenye maboksi ya televisheni. Mzungu mmoja niliyefanya naye kazi aliniachia siku anafunga mizigo kurudi kwao.

Mjini huwezi kurusha ndege. Nyaya tupu, na kila nyumba ina bati la mtu. Basi nikawa naifunga nyuma ya pikipiki na kwenda nayo njia ya Mwakitolyo. Kabla hujafika huko kwenye dhahabu, kuna kijiji ambako niliwahi kumfungia sola mama mmoja mtu mzima, mjane. Namwita mayu, kama mama yangu. Mayu ana majaruba manane ya mpunga, mbugani, na hana kingine. Humo ndimo anamokula yeye na wajukuu zake watatu mwaka mzima. Nilipomwomba nirushie hapo wakati wa kiangazi, mpunga ukiwa umeshavunwa, alicheka, akasema nirushe, ila nisimbomolee kingo, maana jaruba likivunjika ukingo halishiki maji, na lisiposhika maji hakuna mpunga.

Kingo zake sikuzigusa. Nilichovunja ni ndege, kila Jumamosi. Nilivunja pua, nikavunja mkia, nikagandisha kwa gundi. Ila ndege ya kujifunzia ni ya huruma. Bawa lake limekaa juu ya mgongo, yenyewe ni ngumu kuchokozeka, na ukipotea wewe ukaachia vidole, inajiweka sawa yenyewe na kuendelea na safari. Kazi yenyewe ni kuzunguka tu. Unaizungusha juu ya shamba, pale pale, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka mkono uzoee. Ili nijue pa kutua nikapigilia vigingi vinne na kuvifunga vitambaa vyekundu. Nilikuwa na daftari pia, naandika betri imedumu dakika ngapi. Nikimaliza nakaa kwenye ukingo wa jaruba nakunywa maji, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi nilikuwa natazama juu badala ya kutazama waya. Nilikuwa na furaha pale, sioni haya kusema.

Ikafika wakati mkono umezoea, na ndege ya huruma ikaanza kunichosha. Ndugu zangu, huo ndio ugonjwa wa mchezo huu. Rafiki yangu mmoja, fundi simu pale Kalangalala, Geita, ndiye pekee ninayemjua ukanda huu wote mwenye wazimu kama wangu, na yeye ndiye anayeagiza vifaa. Alikuwa ananitumia picha kwenye simu kila jioni na maelezo marefu ya sauti. Ya pili, alinieleza, isiwe ya mashindano wala ile ya umbo la ndege za vita, hizo zitaniliza mapema. Iwe yenye bawa linalopita tumboni, yenye mota inayofanana na ya kwanza ili betri zangu zisipotee bure. Ndege ya namna hiyo haijirekebishi. Ukiilaza inalala, ukiigeuza tumbo juu inabaki tumbo juu mpaka uamue wewe. Nikaipata kwenye picha ya nne: nyekundu, bawa chini, mstari mweupe ubavuni. Usiku nilikuwa naitazama kitandani, mke wangu akaniuliza huyo anayenichekesha kwenye simu ni nani. Nikamwonyesha. Akageukia ukutani.

Nikamwambia fundi aiagize.

Sasa, huku kwetu kuna jambo ambalo mtu niliyefanya kazi mgodini nilipaswa kulijua kuliko wote, nikalisahau kama mjinga. Kitu cheupe kinazunguka angani mahali pale pale. Mtu mzima chini ameshika kiboksi chenye antena. Vigingi vyenye vitambaa vyekundu. Daftari. Na mtu mwenyewe anajulikana alikuwa Geita. Kwingine hiyo ni michezo. Ukanda wa dhahabu, huo ni upimaji, na aliyepima kampata mwanamke mpole anayemfichia siri.

Jumamosi moja mwezi wa kumi nilifika nikakuta watu kama mia, na sururu, na chepe, na ndoo. Wenyewe wanaita rashi, yaani kukimbilia mahali panaposemwa pana dhahabu. Wengine walikuwa wameshashuka mpaka kiunoni, na vigingi vyangu vinne kila kimoja kilikuwa na duara lake, ndivyo wachimbaji wanavyoita shimo. Mayu alikuwa amesimama kwenye kile kipande cha ukingo kilichobaki, mikono kichwani, halii. Nilishuka kwenye pikipiki nikapiga kelele kwamba hakuna dhahabu hapa, hiki ni chombo cha kuchezea, nyie watu vipi? Wakanitazama kwa heshima kabisa. Mmoja wao, mzee wa makamo mwenye kofia ya plastiki iliyopasuka, akaniamkia na kuniambia wananielewa, lazima niseme hivyo, hata yeye angesema hivyo.

Basi nikafanya kosa la pili. Nikafungua ndege mbele yao waone haina kitu ndani. Nilikuwa nimesahau kwamba puani nilitia vipande viwili vya risasi, vile wavuvi wanavyofunga kwenye nyavu, ili isinyanyue pua. Wakavipima mkononi. Kitu kizito, cha madini, kimefichwa puani mwa ndege! Yakawa yamekwisha. Ndege ilipita mikono ishirini, kila mmoja akitafuta chake, na iliponirudia ilikuwa vipande vya kuwashia moto. Sikukasirika hata. Nilikaa chini tu.

Kijiji kilifanya kikao. Mwenyekiti alisema neno lake, sungusungu wakasema lao, lakini nani atawatoa watu mia wenye matumaini? Na wanakijiji wenyewe nusu yao walikuwa mashimoni. Nilikwenda mara tatu kuwaambia hakuna kitu. Kila nikisema, Jumatatu yake wanaongezeka. Nikiwa kimya, wanaongezeka pia. Majaruba matano yalikuwa yameshageuka matundu, matatu yamebaki, na mawingu ya kwanza yalikuwa yanaanza kujikusanya mchana kisha yanatawanyika. Mvua ikikuta hali ile, mayu hana mpunga. Na akikosa mpunga, wale watoto watatu watagawanywa kwa ndugu, mmoja huku mmoja kule, kama alivyogawanywa yeye utotoni. Hilo aliniambia mwenyewe, taratibu, bila kunilaumu, na ningependa angenilaumu.

Ndipo akasema lile neno. Tulikuwa jikoni kwake, anapepeta karanga.

"Wewe hawakusikilizi, baba. Wanaisikiliza ndege. Ipeleke kwingine."

Nikamuuliza kwingine wapi, kila ardhi ina mwenyewe. Akanyoosha kidevu kuelekea kilima cha mawe kilicho nyuma ya kijiji, ambako hakulimwi wala hakuchungwi, kuna pimbi tu. Nikamwambia mayu, huo ni uongo. Akanijibu kwamba kuzungusha ndege si kusema kitu. Kisha akaendelea kupepeta.

Nilirudi Ngokolo usingizi umekata. Nilizoea kuchoka mwili. Huu ulikuwa uchovu mwingine, wa kujua utafanya nini na kutamani mtu mwingine akufanyie. Asubuhi nikampigia fundi wa Kalangalala. Nikamwambia ile nyekundu aisimamishe. Anitafutie nyeupe, bawa juu, ya polepole, kubwa kuliko ile ya kwanza ili ionekane kwa mbali. Kwanza alidhani natania. Halafu akacheka mpaka akakohoa, akaniuliza narudia darasa la kwanza kwa hiari, au mke ndiye kaniamulia? Nikamwambia ni mgongo. Sikutaka kumweleza. Akasema nyeupe anayo moja dukani kwake, mteja aliiacha, na angenipa siku ile ile.

Ndivyo nilivyoichagua ndege ya pili. Sifa zote nilizosomeshwa, za mota na betri na bawa, zilikaa pembeni. Nilichagua ile itakayodanganya vizuri.

Jumanne nilipita barabara ya kijiji mchana kweupe, ndege nimeifunga nyuma bila kuifunika. Nikapanda mpaka chini ya kilima cha mawe. Nikairusha. Ilipaa vizuri, tena vizuri kuliko ile marehemu, na mkono wangu ulikuwa umekomaa sasa, nikaizungusha duara safi juu ya mawe, kulia, kulia, kulia. Iliniuma kwamba nilikuwa narusha vizuri vile. Betri ya kwanza ilipoisha niliwaona watu wawili wamesimama kwenye kichaka. Ya pili ilipoisha walikuwa kumi. Sikupigilia vigingi. Nilijiambia vigingi vingekuwa uongo wa kusema, na mimi sisemi kitu. Nilirudi Alhamisi nikafanya hivyo hivyo. Jumamosi mbugani hapakuwa na mtu hata mmoja.

Tulifukia wiki nzima. Mayu, wajukuu, majirani wachache walioona aibu, ng'ombe wawili wa kukokota udongo, na mimi na mgongo wangu. Kingo tulizijenga upya kwa mkono, tukizipigapiga kwa chepe mpaka zikang'aa. Mvua ilianza siku tatu baada ya sisi kumaliza, na majaruba saba kati ya manane yalishika maji. Mayu aliingia kwenye la kwanza na kanga yake na kusimama tu, maji yakimfika kwenye vifundo. Nilifurahi, kwa nini nisifurahi?

Lakini njia ya kurudi inapita karibu na kilima. Nikasema nipite tu haraka, na pikipiki ikanisimamisha yenyewe, au mimi niliisimamisha, sijui. Walikuwa wamefunga maturubai. Mashimo yalikuwa membamba, katikati ya miamba, mengine yameshikiliwa na miti miwili mitatu ambayo mimi, mtu wa mgodini, nisingethubutu kupita chini yake, na mvua ndiyo hiyo imeanza. Yule mzee wa kofia iliyopasuka alikuwa amekaa mdomoni mwa duara lake anafunga kamba kiunoni. Alinitambua. Akaniamkia kwa heshima yake ile ile, nikamwambia mvua hii hatari, wasubiri ikauke. Akasema ndiyo, lakini wamebakiza kidogo.

Akanisogelea, akashusha sauti ili wenzake wasisikie.

"Mzee, kule kwa mama ulituambia hakuna kitu. Tukakubishia. Na kweli hapakuwa na kitu, tumepoteza mwezi mzima. Kwa hiyo mimi nakuamini. Hapa je?"

Neno lilikuwa moja tu, na nilikuwa nimeshalisema kwenye majaruba mara nyingi mpaka limenikauka mdomoni. Hakuna. Lakini nikilisema, ataniuliza nilikuja kuzungusha nini pale. Nitajibu nini, mbele ya watu wote wale na sururu zao? Na wakijua nani kaniomba? Nikawaza kingo bado mbichi, udongo haujashikana. Nikawaza nimechoka, siwezi kuanza tena. Haya yote yalipita kichwani kwa muda wa mtu kufunga fundo moja la kamba.

Sikujibu.

Alinitazama usoni, kisha akatabasamu, meno yote, kama mtu aliyepewa zawadi na rafiki.

"Nimekuelewa, mzee," akasema. "Asante." Akaweka taa kichwani, akashika kamba, akashuka.