Weupe Alioukalia Kimya Shangazi Bibiane

Kwetu mashariki ya Grinlandi meli ya mafuta huja mara moja tu kwa mwaka, Agosti, barafu ikiachia mlango wa ghuba. Anayeiambia iingie au ingoje ni shangazi yangu Bibiane, fundi wa mtambo wa umeme. Redio ya upepo ya kuzungumza na meli iko kwake, na anajua mawingu. Tumbo la wingu likiwa jeusi, chini yake ni maji. Likiwa jeupe ni barafu, hata kama hujaiona bado.

Mwaka jana alisema ingoje. Siku ya tatu nahodha akachoka, akageuza meli na mafuta yake. Majira yote ya baridi kila nyumba ililala chumba kimoja ili kubana mafuta, na watu wakambandika jina: Bibi Ngoja.

Safari hii nilisimama nyuma yake kilimani. Mashariki tumbo la wingu lilikuwa jeupe kama maziwa. Aliliangalia, akatazama pembeni, akaliangalia tena.

"Haya, Bibi Ngoja!" Manasse mwindaji alimpigia kelele kutoka ufukweni. "Au unangoja ikuletee posa?"

Watu wakacheka.

"Picha ya setilaiti ya asubuhi inaonyesha maji matupu," nahodha alisema redioni. "Wewe unaonaje, mama?"

"Ingia," shangazi akasema.

Gati hatuna. Meli ilitia nanga mbali, mpira mrefu wa kupitishia mafuta ukavutwa ukielea mpaka kwenye tangi letu. Haujapita muda mrefu, upepo wa mashariki ukaamka, mapande ya barafu yakaanza kuingia mlangoni yakisukumana.

Shangazi akashika redio. "Kata mafuta, toka. Sasa hivi!"

"We mama una wazimu?" Manasse akafoka. "Tangi halijafika nusu! Mwambie avumilie saa mbili."

"Baada ya saa mbili hatoki tena. Akibanwa akapasuka, mafuta yote watayanywa hao sili unaowawinda."

Manasse akatukana, lakini akaenda kuufungua mpira.

Meli ilitoka kwa kugongagonga. Tulisikia chuma kikilia.

Shangazi alipanda juu ya tangi, akachovya fimbo ya kupimia. Kwa kubana sana, mafuta yangetufikisha Februari tu.

"Basi, Bibiane," Manasse akasema, sauti imeshuka. "Nani angejua?"

"Mimi. Weupe niliuona, nikanyamaza."

Hakuna aliyecheka. Shangazi alikwenda kwake, akafunga koki ya jiko la kupasha nyumba, akaja kwetu na godoro begani. Mama alimsogezea viatu pembeni, lakini shangazi akalitandika godoro pale pale mlangoni penye baridi.