Kaseti Aliyoisikiliza Baba

Ukilala mchana mvua ikinyesha, unaamka hujui kama ni leo au ni jana. Ndivyo ninavyoikumbuka ile alasiri ya Jumapili mjini Kisii, miaka ya sabini, kaka yangu alipoimba kwenye ukumbi wa jamii. Nakumbuka mvua, mabati, gitaa lake, na mimi nimepiga magoti mbele ya jukwaa, nimekumbatia redio ya kaseti ya watu kama mtoto mchanga. Mengine yamefifia. Hata gauni nililovaa silikumbuki, na wakati ule nilikuwa mtu wa kujipenda, usicheze.

Kaka yangu aliimba kuliko wote walioitwa waimbaji enzi zile. Nasema bila haya, na anayebisha aje. Lakini nani alimjua? Kwenye harusi walimwita apige watu wakila, na bendi yenye jina ikifika, anaambiwa, "Haya kijana, shuka." Mimi nakasirika, yeye anacheka. Siku ile alipata nusu saa nzima kwa sababu bendi kubwa ilikuwa imekwama kwenye tope barabarani. Namshukuru Mungu kwa tope lile mpaka kesho.

Redio ilikuwa ya bosi wangu, mhasibu wa ofisi nilimopiga taipu, mtu wa upande wa ziwa aliyependa muziki kuliko chakula. Alinipa na kaseti moja mpya. "Dada, ukiiangusha hii, usirudi kazini," aliniambia. Alikuwa anatania, ila sidhani alitania sana.

Sasa, niseme kwa nini nilihangaika hivyo. Bendi moja ya Nairobi ilikuwa imemwita kaka akapige gitaa. Angeweza kuondoka hata siku hiyohiyo, lakini hakuondoka, kwa sababu baba hakuwa amesema neno. "Baba asiponiambia nenda," alisema, "hata nikifika Nairobi nitakuwa bado sijatoka hapa." Na baba, mchonga vinyago vya mawe laini ya sabuni kule kwetu Tabaka, alikuwa na jibu moja tu: "Nibariki kazi ambayo sijaisikia? Nibariki hewa?"

Basi si angekwenda kusikia? Thubutu! Kwetu kuna kitu tunakiita ensoni, ile haya kati ya mzazi na mtoto. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mambo ya mapenzi hayatajwi wakiwa pamoja, hata kwa fumbo. Na nyimbo za kaka zilikuwa za mapenzi mwanzo hadi mwisho. Baba angeketi ukumbini asikie mwanawe akimlilia msichana mbele ya umati? Afadhali ardhi ipasuke. Kwa hiyo miaka yote kaka alipiga gitaa, baba hakuwahi kumsikia hata mara moja.

Kaseti ndiyo ilikuwa njia: nimnase kaka akiimba. Baba angesikiliza peke yake, kaka asiwepo, nami nisiwepo, kwa kuwa binti naye ana ensoni yake. Niliona nimewapiga chenga wazee wote wa Gusii.

Aliimba nini siku ile? Wimbo mmoja ulikuwa wa msichana anayeuza ndizi sokoni Nyamarambe, ambaye kila akipunguza bei mvulana anasema bado ni ghali, ili asiondoke. Watu walicheka kwanza, halafu wakainama mbele kusikiliza. Mvua ikazidi, na badala ya kushindana nayo akaifuata, akapunguza gitaa mpaka ukawa hujui kidole kinaishia wapi na tone linaanzia wapi. Mama mmoja nyuma akapiga kigelegele kidogo, cha chinichini, kama anayejiongelesha. Niliona ukumbi unaelea. Haki ya Mungu, niliona mabenchi yameinuka kutoka sakafuni, nami sikuwa nimeonja chochote zaidi ya chai.

Wiki nzima niliisikiliza kaseti ile chumbani kwangu nikitoka kazini. Mvua ya kwenye kaseti na mvua ya nje zilichanganyika. Nililala ndani ya ule wimbo, nikaamka ndani yake, nikaenda ofisini nikataipu barua za watu kwa mdundo wake. Mhasibu alinitazama akatikisa kichwa.

Jumapili iliyofuata tulikwenda nyumbani. Kaka alibaki chini kabisa kwenye migomba, mbali na masikio. Mimi nikaiweka redio juu ya meza ya baba katika kibanda chake cha kuchongea. Alikuwa amefunikwa na unga mweupe wa mawe mpaka kwenye nyusi. Nikamwonyesha vitufe huku nimetazama sakafu, haraka haraka, nusu kwa mkono nusu kwa mdomo, kwa sababu aibu ilikuwa imenishika shingo. Nilijua kuna nini kwenye ile kaseti, na yeye alijua kwamba najua. "Unabonyeza hapo, baba, halafu unangoja." Nikakimbia.

Nilisimama jikoni nikiosha kikombe kimoja. Nusu saa nzima nilikiosha kikombe kile. Kibandani hapakutoka sauti. Nikajiambia ameipunguza, mzee wa kanisa kama yeye hawezi kuwafungulia majirani mambo hayo.

Mwishowe akatoka. Uso wake ulikuwa umelainika hivi, nikashangaa.

"Mwambie aende Nairobi," akasema. "Nimebariki."

"Umemsikia, baba?"

"Hakuimba," akasema, na sauti yake ilikuwa na fahari ambayo sijaisikia tena. "Nimemngoja mpaka chombo kikazima chenyewe. Alijua ni mimi nimeketi pale, akanyamaza. Kijana mwenye ensoni hata ndani ya mashine, nitamwogopea nini huko Nairobi?"

Nikaingia kibandani. Kwenye redio palikuwa na alama mbili nyeupe za vidole vyake: moja kwenye kitufe cha kupigia, nyingine kwenye kile chekundu cha kunasia.

Maji yakimwagika hayazoleki. Alikuwa amenasa juu ya nyimbo zote, kuanzia mwanzo wa kaseti hadi mwisho. Nusu saa pekee ambayo kaka aliwahi kupewa na dunia, na nakala haikuwepo. Na kosa lilikuwa langu, langu mimi na haraka yangu. Nililia njia nzima kuteremka migombani na redio mikononi, nikamweleza kaka yote, nikangoja anitukane.

Hakunitukana. Aliketi juu ya majani makavu, akaipeleka kaseti mwanzo, akaifungulia.

Kwa muda mrefu kulikuwa na mvumo tu. Kikasikika kiti. Kikohozi. Halafu sauti ya baba, kwa Kigusii, karibu sana, kama mtu aliyeinama kuzungumza na mtoto kitandani: "Imba, mwanangu. Hakuna mtu hapa. Ni mimi tu." Mvumo tena. Kuku wakapita nje. "Imba tu. Sitamwambia mtu." Na baadaye sana, polepole, "Basi, nimeelewa. Hata mimi nilikuwa hivyo kwa baba yangu."

Sikuwa nimewahi kumwona kaka akilia kabla ya hapo. Alilia bila sauti, gitaa likiwa mgongoni. Nikamwambia bado tunaweza kutafuta siku nyingine, aimbe tena, tunase juu yake, kaseti si ipo.

"Mhasibu wako anasema ukitaka kaseti isinaswe tena unafanyaje?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kile kijino cha plastiki kilicho ukingoni mwa kaseti. Kikivunjwa, kitufe chekundu hakishuki. Bosi alikuwa amenieleza siku aliponipa redio, nami nikaona ni maneno ya mtu anayependa kujifanya fundi.

Kaka akakitafuta kwa ukucha, akakivunja.